Kutoka Chungu cha Asembo hadi Mnara wa Muhoroni

Kati ya mwaka 1983 na 1993, gari lililojaziwa mafuta Nairobi liliondoka kituoni likiwa na zao la shamba ndani ya tangi. Sehemu moja kwa kumi ya petroli hiyo ilikuwa spiriti iliyotengenezwa Muhoroni, mashariki mwa Kisumu, kutokana na molasi, ule mchuzi mweusi mzito unaobaki sukari ikishatolewa katika maji ya miwa. Mwenye gari hakulazimika kubadilisha injini, na wengi hata hawakujua wamejaziwa nini. Kisha mpango ukafa kimyakimya. Leo ukimwambia kijana wa Kisumu kwamba nchi yake iliwahi kuendesha magari kwa miwa, anadhani unamsimulia habari za Brazili.

Nilitaka kujua njia ya spiriti hiyo ilianzia wapi na ilipotelea wapi. Wachumi huianza mwaka 1973, bei ya mafuta ilipopanda ghafla duniani. Mimi naianza mapema zaidi, ufukweni Asembo Bay, kwenye Ziwa Viktoria, kwa sababu ujuzi wa kugeuza nafaka kuwa kileo haukuletwa na wahandisi. Ulikuwa umekaa ndani ya vyungu vya ziwani muda mrefu kabla ya mtu yeyote kuchora ramani ya kiwanda.

Ukisimama Asembo Bay leo unaona mitumbwi, nyavu zilizoanikwa, omena juani, na wachuuzi wakingoja boti. Ni vigumu kuamini kwamba palikuwa bandari ya meli za reli. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence, Desemba 1901. Meli zikaletwa kutoka Uingereza vipande vipande na kuunganishwa hapo hapo Kisumu: Winifred, Sybil, na Clement Hill baada yake. Katika ghuba hii meli zilipitia Kendu Bay, Homa Bay na Asembo Bay, zikichukua nafaka, simsim, pamba na ngozi, na kushusha nguo, majembe, sukari na mafuta ya taa.

Hayo mafuta ya taa nayafikiria sana. Yalikuja ndani ya debe, na debe likiisha mafuta halikutupwa. Likawa kipimo cha mahindi na mtama sokoni, hadi leo mkulima wa Asembo akikutajia mavuno yake hukutajia madebe na magunia. Likawa ndoo, likawa kibanio cha mlango, likawa paa la banda la kuku. Na baadaye, katika nyumba nyingine, likawa chombo cha kupikia spiriti. Mafuta ya kuwashia taa yalitoka ng'ambo kwa meli, na nafaka ikaondoka ikipimwa kwa debe hilo hilo. Tangu siku hizo mkulima wa ufukwe huu ameuza chakula akanunua nishati, na kila mara bei zote mbili zimepangwa na mtu mwingine.

Asembo si nchi ya mvua nyingi. Ukanda huu wa chini wa Rarieda unafaa zaidi mtama, wimbi na muhogo kuliko mahindi, ingawa mahindi yamependwa kuliko vyote. Wazee wanaukumbuka mwaka 1931 wa nzige kupitia simulizi za baba zao, na wanajua kwamba baada yake serikali ya kikoloni ilisukuma sana kilimo cha muhogo uwe akiba ya njaa. Lakini mtama na wimbi vilikuwa na kazi mbili tangu zamani. Vilikuwa ugali na uji, na vilikuwa pombe: ya kumpokea mkwe, ya matanga, ya kuwalipa majirani waliokuja kusaidia palizi. Wazee walikaa kuzunguka chungu kimoja kikubwa na kuivuta kwa mirija mirefu.

Nilimkuta mama mmoja katika boma lililo juu ya ghuba akitengeneza kimea, nikamwomba aniache nitazame. Wimbi lilikuwa limelowekwa, likamwagwa juu ya gunia, likafunikwa kwa gunia jingine lenye unyevu. Alipolifunua, kila punje ilikuwa imetoa mzizi mweupe mfupi. Alitwaa chache, akazitafuna, akatikisa kichwa. "Bado," akasema. "Utamu haujafika." Kesho yake alizianika, kisha akazisaga. Pembeni alikuwa na donge la unga wa mtama lililovundikwa kwa siku kadhaa, lenye harufu kali ya uchachu, na sasa alilikaanga juu ya bati kwa moto wa kuni, akiligeuzageuza hadi likawa rangi ya kahawia. Vyote viwili vikaingia majini. Siku ya pili aliinamisha sikio juu ya chungu, hakukifunua. Kilikuwa kinanong'ona. "Sasa kinakula," akaniambia.

Alichokifanya ndicho kinachofanywa na kiwanda chochote duniani kinachotoa ethanoli kwa nafaka. Punje ya mtama imejaa wanga, na hamira haiwezi kula wanga. Kwanza wanga uvunjwe kuwa sukari. Punje ikichipua, hujitengenezea vimeng'enya vya kuvunja akiba yake ili kumlisha mche mchanga. Kimea ni vimeng'enya hivyo vilivyokamatwa kabla mche haujala kila kitu. Ndiyo maana mama alionja utamu. Kuukaanga unga kunaulainisha wanga, vimeng'enya vya kimea vinaukata kuwa sukari, hamira inaila sukari hiyo na kutoa vitu viwili: ethanoli na hewa ya ukaa. Mnong'ono wa chungu ni viputo vya hewa hiyo. Kiwandani vimeng'enya hununuliwa kwa mapipa na joto hupimwa kwa vipima joto, lakini mpangilio ni ule ule: wanga, sukari, spiriti.

Kinachokosekana katika chungu cha pombe ni hatua ya mwisho, kukeneka. Hiyo ilikuja baadaye. Katika makoloni ya Afrika Mashariki, spiriti iliyopikwa nyumbani ilijulikana sana kama jini ya Wanubi, kwa kuwa askari wa Kinubi na familia zao, waliokaa Kibera na pia huku kwetu Kibos na Kibigori, ndio waliosifika kwa kuipika. Ujuzi ukasambaa. Ethanoli huchemka kwenye nyuzi 78 za Selsiasi na maji kwenye nyuzi 100, basi ukikipasha moto kinywaji kilichochacha, mvuke wa kwanza una spiriti nyingi. Ukiukamata na kuupoza, unapata chang'aa. Viwanda vya sukari vya Nyanza vilipoenea, na sukari nguru ikapatikana kwa urahisi, wapishi wengi wakaacha nafaka na kutumia nguru, maana sukari imekwisha kuvunjwa tayari.

Mwaka 1980 Bunge lilipitisha sheria ya kupiga marufuku chang'aa, na marufuku hiyo ikadumu hadi sheria ya vileo ya mwaka 2010. Serikali ilikuwa na sababu za kweli. Chang'aa imevunja nyumba nyingi, na pale walaghai walipotia methanoli, sumu inayoua mishipa ya macho kabla ya kumaliza mwili, watu walikufa kwa wingi. Novemba 2000 zaidi ya watu mia moja walikufa Nairobi kwa kinywaji cha namna hiyo. Siwatetei wauzaji wa sumu. Ninachokiona ni kwamba miaka ile ile ambayo polisi walikuwa wakivunja mapipa vijijini, taifa lilikuwa likijenga viwanda vikubwa vya kazi hiyo hiyo kando ya reli, na hakuna aliyewaza kwamba maelfu ya wanawake wa Nyanza tayari walijua kuchachusha. Ujuzi wao uliandikwa katika vitabu vya mahakama tu.

Kutoka Asembo Bay barabara inapanda hadi Ndori, inashika njia inayotoka Bondo, na kuteremka hadi Kisian, ambapo taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, ina kituo chake. Ukigeukia Kisumu, kabla hujafika uwanja wa ndege, upande wa Otonglo, unaona matangi na minara. Watu wa hapa hawapaiti kwa jina la kampuni yoyote. Panaitwa Molasses, basi.

Hapa ndipo ndoto ilipokuwa kubwa kuliko zote. Brazili ilikuwa imezindua mpango wake wa pombe ya magari Novemba 1975, na Kenya, isiyokuwa na kisima cha mafuta, ililipa ankara ya petroli kwa fedha za kahawa na chai. Viwanda vya sukari vilikuwa vikiongezeka: Muhoroni mwaka 1966, Chemelil 1968, Mumias 1973. Kila kimoja kilizalisha molasi ambayo kwa sehemu kubwa ilimwagwa, ikanyunyizwa barabarani kuzuia vumbi, au ikauzwa kwa bei ya kutupa. Mwaka 1977 ujenzi ukaanza Kisumu chini ya kampuni ya Kenya Chemical and Food Corporation, serikali ikiwa na hisa nyingi na wabia wa kigeni wakishika zilizobaki. Kiwanda hakikukusudiwa kutoa spiriti peke yake. Kilipangwa kutoa pia asidi ya sitriki, hamira na kemikali nyingine, vyote kutoka molasi ile ile, kwa mitambo ya kisasa kabisa.

Kosa lilikuwa hapo. Kila zao lililoongezwa kwenye mchoro liliongeza mitambo, mikopo na wahandisi wa kigeni. Gharama zilipanda kupita makadirio ya awali, serikali ikiwa mdhamini wa madeni, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 kazi ikasimama kabla ya kiwanda kutoa chochote. Mitambo iliyokwisha kulipiwa ikabaki nje kwenye mvua ya ziwa. Wakazi ambao ardhi ya ukoo wao ilitwaliwa kwa ajili ya mradi walibaki wakiitazama.

Mmoja wa watu walioichunguza habari hii kwa makini alikuwa mtoto wa ufukwe huu huu wa ziwa: Calestous Juma, aliyezaliwa eneo la Port Victoria, Busia, akawa mwalimu, kisha mwandishi wa habari za sayansi, na mwishoni profesa wa Harvard. Mwaka 1985, yeye na mwenzake waliliandikia shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, UNCTAD, utafiti uliolinganisha spiriti ya magari ya Kenya na ya Zimbabwe. Ulinganisho huo unauma hadi leo. Huko Triangle, kusini mashariki mwa Zimbabwe, kiwanda kilianza kazi mwaka 1980. Kilipokuwa kikijengwa, nchi ilikuwa chini ya vikwazo, haikuweza kuagiza kila kitu, basi ilinunua mchoro wa Kijerumani ulio rahisi na kuunda sehemu kubwa ya mitambo katika karakana zake. Kiwanda kilijengwa ubavuni mwa kiwanda cha sukari, kikachoma makapi ya miwa kupata mvuke, na kikatoa lita zipatazo milioni 40 kwa mwaka kwa gharama ndogo mno kuliko ile ya Kisumu. Triangle walijenga kitu walichoweza kukitengeneza wenyewe kikiharibika. Sisi tulinunua kitu ambacho hata kukimaliza kulitushinda.

Kisha molasi ikachanganyika na damu. Dkt. Robert Ouko, waziri wa mambo ya nje na mbunge wa Kisumu Mjini, aliutaka mradi huu ufufuliwe. Februari 1990 alitoweka nyumbani kwake Koru, na mwili wake ulioungua ukapatikana chini ya kilima cha Got Alila. John Troon, mpelelezi aliyeletwa kutoka Scotland Yard, aliutaja mradi wa molasi wa Kisumu miongoni mwa mambo yaliyostahili kuchunguzwa kama chanzo cha mauaji. Wapo wanaoiamini nadharia hiyo na wapo waliotilia shaka mashahidi wake. Tume iliyokuwa ikisikiliza ushahidi ilivunjwa na Rais Moi mwaka 1991 kabla haijamaliza kazi, na hadi leo hakuna aliyepatikana na hatia. Ninachoweza kusema kwa hakika ni kwamba kwa miaka mingi baada ya hapo, mtu wa Kisumu aliyetamka neno molasi alitazama kwanza nyuma yake. Mjadala wa kitaalamu haukuweza kukua katika hali hiyo.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya Spectre International, ya familia ya Odinga, ilikichukua kiwanda, na kwa mtaji wa kampuni ya Kanada, Energem, ikakifanya kitoe spiriti. Kulikuwa na mabishano makali ya ardhi, na siasa haikukosekana. Lakini minara ilichemka hatimaye, robo karne baada ya msingi kuchimbwa.

Barabara ya kwenda Muhoroni inapita Kibos na Miwani. Miwani ndiyo mama wa sukari ya Kenya. Kiwanda chake kilianza mwaka 1922, na sasa ni magofu, baada ya kuanguka mwanzoni mwa karne hii. Nilipita taratibu. Nyumba za wafanyakazi zimesimama, bomba la moshi limesimama, na mashamba yanalimwa na watu wanaouza miwa yao kwingine. Milima ya Nandi inaonekana juu kushoto, mto Nyando unapita kulia, na reli ya 1901 iko katikati.

Muhoroni ni hadithi ya kiasi, na kwa hiyo ni hadithi ya mafanikio, walau kwa muda. Agro-Chemical and Food Company iliundwa mwaka 1978 kwa ubia wa mashirika ya serikali na kundi la Mehta, na ikaanza kazi mapema miaka ya 1980, wakati jirani yake wa Kisumu akisimama. Uwezo wake ulikuwa lita zipatazo 60,000 kwa siku. Bidhaa zake zilikuwa mbili tu zinazoelewana: spiriti na hamira ya mikate.

Kazi yenyewe inaeleweka. Molasi inazimuliwa kwa maji hadi hamira iweze kuimudu, inachacha kwenye matangi makubwa, kisha inapandishwa kwenye minara ya kukenekea. Tani moja ya molasi hutoa lita 250 hivi. Lakini petroli inataka kitu ambacho chungu cha Asembo hakiwezi kutoa: ukavu. Hata ukikeneka mara ngapi, spiriti hugoma ikifika asilimia 95 na ushee. Maji yaliyobaki yanapanda nayo. Spiriti yenye maji ikichanganywa na petroli, siku ya baridi au tone jingine la maji likiingia tangini, inajitenga na kuzama chini, na gari linasimama njiani. Kwa hiyo lazima maji ya mwisho yatolewe kwa kemikali au kwa chujio maalumu linaloyanasa. Hiyo ndiyo hatua ghali, na ndiyo inayotofautisha spiriti ya gari na spiriti ya chupa.

Muhoroni waliiweza. Kwa nini basi mpango ulikufa mwaka 1993? Waliouchunguza wanataja bei ya petroli iliyopangwa na serikali, ambayo haikumlipa mtengenezaji gharama zake. Matengenezo hafifu ya mitambo. Kampuni za kigeni za mafuta ambazo hazikupenda kuchanganya. Na thamani ya shilingi iliyoyumba huku madeni yakiwa kwa fedha za kigeni. Mimi naipa bei uzito mkubwa kuliko yote. Spiriti ina nguvu kama theluthi mbili tu ya petroli kwa lita, basi haiwezi kuuzwa kama petroli bila hesabu kufanywa wazi. Bei ya mafuta duniani ilipoanguka katikati ya miaka ya 1980, spiriti ya Muhoroni ilikuwa na wateja wengine waliolipa vizuri zaidi: watengenezaji wa vinywaji na wanunuzi wa nchi jirani. Hakuna kampuni inayoendelea kuuza kwa hasara pale mlango wa pili unapokuwa wazi. Malawi, yenye miwa michache kuliko yetu, ilianza kuchanganya spiriti ya Dwangwa mwaka 1982 na ikaendelea kwa miongo, kwa kuwa mafuta yake yalisafiri mbali na kufika ghali.

Kuna tarehe moja ninayoona ni ya kusikitisha. Bomba la mafuta lilifika Kisumu mwaka 1994. Katika miaka yote ya mpango, spiriti ilibebwa kutoka Nyanza kwenda Nairobi kuchanganywa, na petroli ikabebwa kutoka Nairobi kuja Nyanza. Bohari ambayo ingeweza kupokea vyote viwili, umbali mfupi kutoka Muhoroni, ilifunguliwa mwaka mmoja baada ya mpango kufa. Karibu mwaka 2010 serikali iliamua kuuanza mpango upya, kuanzia Kisumu, kwa asilimia ile ile 10, lakini spiriti haikutosha na bei haikuafikiwa, na mpango haukushika mizizi.

Na kuna maji machafu, ambayo wapenzi wa nishati hii hawapendi kuyataja. Kila lita ya spiriti huacha lita 10 hadi 15 za maji ya kahawia, moto, machachu, yenye kula hewa yote ya mto yakimwagwa. Wavuvi na wakulima wa Nyando wamelalamika kwa miongo kuhusu mto wao, nao mto huo unamwaga katika ghuba hii hii, inayofika hadi Asembo. Maji hayo yakiwekwa kwenye tangi lisilopitisha hewa hutoa gesi ya kuchomea boila. Yakizimuliwa hurutubisha mashamba. Kiwanda kisichopanga hilo tangu mchoro wa kwanza kinamlipisha mvuvi gharama zake.

Hapo ndipo njia ilipofika. Sasa narudi na swali kwa Asembo, maana molasi ni mali ya nchi ya miwa, na ufukwe huu hauna miwa.

Ufukwe huu una mazao yasiyouzika. Mtama ukinyeshewa kabla ya kuvunwa huchipua kichwani, na mnunuzi anaukataa. Mahindi yakikaa ghalani bila dawa yanaliwa na fukusi na dumuzi hadi yanabaki unga na maganda. Muhogo uliopigwa na batobato unatoa mizizi membamba isiyopata soko. Ghala lenye unyevu huzaa sumukuvu, na hiyo ni habari ya mauti: mwaka 2004 iliua watu 125 katika Ukambani. Mwaka 2010 serikali ilitangaza mamilioni ya magunia ya mahindi kuwa hayafai kuliwa, na hakukuwa na mahali pa maana pa kuyapeleka.

Kwa ethanoli, kasoro hizi si kasoro. Mtama uliochipua umeanza kazi ya kimea wenyewe. Vimeng'enya vimekwisha kuamka. Fukusi hula sehemu ya wanga lakini hawauharibu uliobaki. Sumukuvu haipandi na mvuke, kwa hiyo spiriti hutoka safi. Gunia la kilo 90 la nafaka, mtambo ukiwa mzuri, lina wanga wa kutoa lita 30 hivi. Tani ya muhogo mbichi, lita 150 na zaidi. Ila masimbi yanayobaki yanakuwa na sumu iliyojilimbikiza hadi mara tatu, kwa kuwa wanga umeondoka na sumu imebaki. Hayo yasimfikie ng'ombe wala kuku, kwa maana yatarudi kwetu ndani ya maziwa. Yaende kwenye tangi la gesi.

Najua pingamizi: nchi yenye njaa haichomi chakula. Nakubaliana nalo kabisa kwa nafaka safi. Mtu akija Asembo kutaka mtama mzuri kwa ajili ya magari, afukuzwe. Lakini nafaka yenye sumu, isipopewa kazi nyingine, hailali ghalani. Inaishia kwa mnunuzi maskini kuliko wote, au kwenye pipa la mpishi wa chang'aa. Kuipatia bei kama mafuta ndiyo njia pekee ninayoijua ya kuiondoa sahanini bila kumnyang'anya mkulima.

Tumeshaona pia hatari ya soko la zao moja. Kenya Breweries iliwashawishi wakulima wa Nyanza kulima mtama kwa bia ya pipa, na mwaka 2013 ushuru ulipopandishwa, mauzo yalianguka na wakulima wakabaki na magunia. Baadaye nafuu ilirudishwa, na mwaka 2019 kiwanda cha bia cha Kisumu kikafunguliwa tena. Nafikiri mnunuzi wa pili, anayechukua kile ambacho kiwanda cha bia kinakataa, angewapunguzia wakulima hofu hiyo.

Naziomba serikali za kaunti za Siaya, Kisumu na Homa Bay, zinazokutana tayari katika jumuiya ya kiuchumi ya kanda ya ziwa, zisianze na zabuni ya mtambo mkubwa. Zianze na utafiti wa Juma na mwenzake wa mwaka 1985, usomwe ukumbini mbele ya madiwani na wakulima. Zijenge mtambo mdogo unaoweza kuchomelewa na mafundi wa Kisumu, utoe kwanza spiriti ya kupikia, ambayo haihitaji ukavu wa petroli, na itiwe dawa ya uchungu ili isinyweke. Bei ya gunia bovu iandikwe ukutani kabla ya msimu wa kupanda. Tangi la maji machafu lijengwe kabla ya mnara. Na katika kamati ya kuuendesha, wapewe viti wale mama wa Asembo wanaojua kusikiliza chungu, kwa sababu kila kiwanda cha spiriti kilichojengwa kando ya ziwa hili hadi sasa kimejengwa bila wao.